UZI: Land Rover Series III inawaka ukipiga stata, ukiachia ufunguo inazima. Naomba tupange upya waya za kuwashia

Mchuma Mkongwe (Morogoro)

Wakuu habari za jioni. Nina Land Rover Series III 109 ya petroli, injini ya 2.25, niliyoichukua kutoka parokia moja huko Singida ilikokuwa imeegeshwa chini ya mwembe miaka mingi. Bodi iko vizuri kwa umri wake, chesisi nimeshaipiga viraka na rangi, kabureta imesafishwa, tangi limeoshwa, pampu ya mafuta mpya. Kilichobaki ni umeme, na hapo ndipo nimekwama.

Hali iko hivi. Ukigeuza ufunguo mpaka mwisho, stata inazunguka na injini inashika vizuri kabisa. Ukiachia tu, ufunguo ukarudi nafasi ya katikati, inazima hapo hapo. Taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi haiwaki kabisa, hata kabla ya kupiga stata. Chini ya usukani wameungaunga kila walichokiona: kipande cha waya wa umeme wa nyumbani, kipande cha waya wa spika, na tepu nyeusi iliyoyeyuka inanata vidoleni. Kuna na swichi ya kubonyeza imetobolewa kwenye dashibodi, sijui inaelekea wapi.

Fundi wa hapa kanipa njia mbili: niagize wayaringi nzima kutoka Uingereza, au anifungie swichi mbili za kubonyeza, moja ya koili (inayozalisha umeme mkali wa cheche za plagi) na moja ya stata. Swichi za kubonyeza sizitaki. Nataka ufunguo ufanye kazi yake kama ilivyotoka kiwandani. Naombeni mwongozo.

Bwana Shoka

Uza chuma chakavu ununue Noah.

Kibarazani

Nimekaa siti ya mbele, ngoja waje wajuzi.

Fundi Waya (Arusha, Unga Limited)

Mkuu, usiagize wayaringi nzima kwa tatizo hili. Fedha hiyo itakusaidia kwenye breki. Kwenye hizi gari za zamani watu wanauogopa umeme kwa sababu wanauangalia wote kwa pamoja: taa, indiketa, waipa, geji, vyote vimefungwa kwenye tepu moja. Mfumo wa kuwashia peke yake ni waya tano hivi. Utenge na mengine, uumalize, gari liwake na kuzima kwa ufunguo, ndipo ushughulikie taa.

Dalili uliyoitaja inatosha kujua pa kuanzia. Moto unafika kwenye koili wakati ufunguo uko kwenye stata tu. Ukirudi nafasi ya kuendeshea, koili haipati kitu. Na taa ya chaji kutowaka inathibitisha, maana taa ile na koili zinakula kwenye waya ule ule mweupe. Waya mweupe umekatika, au mtu kauchomoa.

Series III ilitengenezwa 1971 mpaka 1985, na rangi za waya zake zinafuata kiwango cha Uingereza cha BS AU7, sawa na gari nyingi za Kiingereza za miaka ile. Ukizijua rangi hizi umemaliza nusu ya kazi:

Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, hauzimiki. Unaanzia kwenye nati kubwa ya solenoidi ya stata (swichi ya umeme inayoiwasha stata) na kuingia kwenye swichi ya ufunguo. Mweupe unatoka kwenye swichi, una moto ufunguo ukiwa nafasi ya kuendeshea, na ndio unaokwenda kwenye chanya ya koili. Mweupe wenye mstari mwekundu unatoka kwenye swichi kwenda kwenye solenoidi, una moto pale tu unapopiga stata. Mweupe wenye mstari mweusi unatoka hasi ya koili kwenda kwenye distribyuta, inayogawa cheche kwa plagi. Kahawia wenye mstari wa njano unatoka kwenye taa ya chaji kwenda kwenye alteneta. Mweusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi na chesisi. Kijani ni vitu vilivyopita kwenye fyuzi baada ya ufunguo, huo uache kwanza.

Najua utaniambia waya zako zote zimekuwa rangi ya vumbi. Fungua tepu ya zamani sentimita chache, pale ambapo jua na oili havikufika. Rangi humo ndani huwa inang'aa kama mpya.

Sasa tafuta taa ya kupimia. Balbu ya 12V ya wati 5, waya mbili, kibanio upande mmoja na ncha kali upande wa pili. Usianze na mita ya dijitali. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo waya uliobakiwa na unyuzi mmoja ndani utakuonyesha 12V safi na utazunguka mji mzima unatafuta tatizo. Balbu inavuta, ikiwaka hafifu ujue hapo pamechoka.

Pima hivi, kibanio kikiwa kwenye hasi ya betri yenyewe:

Kahawia kwenye swichi: iwake wakati wote. Mweupe kwenye swichi: iwake ufunguo ukiwa nafasi ya kuendeshea, na isizime unapopiga stata. Chanya ya koili: iwake sawa sawa na ilivyowaka kwenye swichi. Pale mwanga unapopotea, tatizo liko kati ya hapo na kipimo cha nyuma yake.

Onyo moja kabla hujagusa chochote: toa kebo ya betri kila unapofungua au kuunga waya. Waya mweupe wa koili kiwandani hauna fyuzi, na kahawia pia. Bisibisi ikiugusa ule wa kahawia na bodi kwa pamoja, hakuna cha kukata moto. Nimeshaona dashibodi ya 109 ikitoa moshi kutoka upande wa usukani mpaka upande wa abiria kwa sababu ya waya wa swichi ulioachwa unaning'inia.

Babu wa Mpwapwa

Fundi amesema vizuri. Naongeza la ethi, maana vijana mnalidharau. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu na chesisi ni chuma. Hivyo viwili vikikutana na unyevu, penye boliti panaota unga mweupe na umeme haupiti. Injini nayo imekalia mipira. Kama ule mkanda wa shaba kati ya injini na chesisi umekatika, au mtu alifungua gia boksi akausahau, moto wa stata utatafuta njia nyingine ya kurudi. Njia yenyewe huwa ni kebo ya choki. Nimeishika moja kwa mkono, inatoa moshi, plastiki yake imelegea. Mwenye gari alikuwa amebadilisha stata na betri, bado inazunguka kivivu.

Funga mkanda mpya kabla hujapima chochote. Piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe, funga kwa boliti yenye washa ya meno, halafu paka grisi juu. Grisi juu, si katikati.

Mchuma Mkongwe (Morogoro)

Shikamoo babu. Mkanda wa ethi haukuwepo kabisa. Nimefunga mpya, na stata sasa inazunguka kama ya gari jingine.

Fundi Waya, majibu ni haya. Kahawia kwenye swichi inawaka wakati wote. Pini ya mweupe kwenye swichi inawaka vizuri, lakini haina waya. Waya mweupe wenyewe nimeukuta umekatwa na kuzungushiwa tepu nyuma ya paneli ya geji. Waya unaokwenda kwenye koili ni ule wa nyumbani, na umeunganishwa pamoja na mweupe-mwekundu wa stata. Ndiyo maana inawaka stata ikipigwa tu. Sielewi mtu alikuwa anafikiria nini.

Ile swichi ya kubonyeza ni ya honi.

Fundi Waya (Arusha, Unga Limited)

Huenda swichi ya ufunguo ya zamani ilikuwa imekufa upande wa mweupe, akaunga hivyo ili gari lifike gereji, na halikufika. Pini inawaka sasa, kwa hiyo ama swichi ilibadilishwa baadaye, ama mgusano wake unakuja na kuondoka. Itikise ufunguo kidogo ukiwa nafasi ya kuendeshea huku taa ya kupimia iko kwenye pini. Ikipepesa, badilisha swichi.

Kabla ya kuunga, fanya jaribio moja. Chukua waya wa muda wenye fyuzi ya ampea 10, uchomeke chanya ya betri kwenda chanya ya koili, na ule wa nyumbani uutoe kabisa. Piga stata kwa ufunguo. Injini ikiendelea kunguruma, koili na distribyuta vinafanya kazi na tatizo lako lilikuwa waya ule tu. Ili kuizima chomoa waya wa muda. Ukimaliza usiuache hapo, utaunguza pointi (vile vyuma viwili ndani ya distribyuta vinavyokata na kuunga umeme wa koili).

Isipoendelea, hamia upande wa hasi ya koili. Toa waya wa kati wa koili kwenye kepu (kifuniko cha distribyuta) na uupeleke kwenye bodi, weka taa ya kupimia kati ya hasi ya koili na ethi, kisha zungusha injini taratibu kwa mkono. Pointi zikifunguka taa iwake, zikifunga izime. Ikiwaka muda wote, pointi hazifungi, au ni chafu, au ule waya mwembamba ndani ya distribyuta umekatikia ndani ya ganda lake. Huo huwa unachezacheza kila vakyumu inapovuta sahani, na kwa nje unaonekana mzima. Isipowaka kabisa wakati chanya ya koili ina moto, toa waya wa distribyuta kwenye koili. Ikiwaka sasa, shoti iko ndani ya distribyuta: kondensa (inayozuia pointi kuungua kwa cheche), au kile kiplastiki cha kutenga kwenye nguzo ya pointi kimepangwa vibaya. Isipowaka hata hapo, koili imekufa.

Kile kiplastiki kimewatesa wengi. Springi ya pointi, waya wa kondensa na waya wa koili vinatakiwa viguse kimoja kwa kingine, na chochote kati ya hivyo kisiguse sahani wala ganda la distribyuta. Pengo la pointi liwe milimita 0.35 hadi 0.40, pointi zikiwa wazi kabisa.

Kuunga: waya wa gari wenye nyuzi nyingi, milimita 2 za mraba unatosha na kubaki. Waya wa nyumbani wenye unyuzi mmoja mnene utakatika kwa mtikisiko. Vichwa vibanwe kwa plai yake, si kwa meno, na juu vaa ule mpira unaosinyaa kwa moto. Tepu nyeusi kwenye joto la injini ni uchafu tu.

Mchuma Mkongwe (Morogoro)

Nimevuta waya mweupe mpya kutoka swichi mpaka koili, nimeupitisha mulemule ulimopita wa zamani, na wa nyumbani nimeutoa wote. Taa ya chaji inawaka, napiga stata, injini inashika, naachia ufunguo, INAENDELEA. Taa ya chaji inazimika. Jirani alitoka nje kuangalia kuna nini.

Ila limezuka jingine. Baada ya kunguruma kama dakika ishirini inaanza kumisi, halafu inakufa. Nikisubiri ipoe inawaka tena. Koili haishikiki kwa joto. Mafuta yapo, kioo cha chujio kimejaa.

Bwana Shoka

Noah haina koili ya kupoza.

Bi Spana (Mombasa)

Noah ina koili pia, ndugu yangu, sema hujafungua boneti.

Mchuma, kabla hujashuku kitu kingine, chomoa waya zote mbili ndogo za koili ikiwa baridi, weka mita kwenye omu, pima kati ya chanya na hasi. Hapa mita ya dijitali ndiyo yenyewe. Kwanza gusanisha ncha zake mbili uone zinasoma ngapi, kisha uitoe hiyo kwenye jibu. Pia tuambie koili imeandikwa nini ubavuni.

Mchuma Mkongwe (Morogoro)

Inasoma 1.5. Maandishi yamefutika nusu, lakini yanasema itumike na rezista ya nje. Mzee mmoja parokiani alishaniambia ilitoka kwenye pikapu ya Toyota ya zamani.

Bi Spana (Mombasa)

Basi umepata. Series III yenye injini yako inataka koili ya takriban omu 3, inayolishwa 12V moja kwa moja. Uliyonayo imeundwa kufanya kazi na rezista. Ndiyo ile kauri nyeupe ndefu unayoiona pembeni ya koili kwenye Toyota na Datsun za zamani. Rezista hushusha umeme gari likiwa linatembea, na wakati wa kupiga stata kuna waya wa pembeni unaoiruka, koili ipate moto kamili betri inapolemewa. Aliyeihamisha alichukua koili, kauri akaiacha huko.

Piga hesabu. Alteneta ikitoa 14V, koili ya omu 3 inavuta kama ampea 4.7 pointi zikiwa zimefunga. Ya omu 1.5 inavuta zaidi ya 9. Moto mara mbili kwenye koili, na mara mbili kwenye pointi. Wakati gari lilikuwa linawaka na kuzima hapo hapo, koili haikuwahi kupata nafasi ya kuchemka, ndiyo maana hukuliona hili mwanzo. Fungua kepu uangalie pointi, nina hakika zimegeuka buluu na moja ina kichuguu, nyingine shimo.

Unaweza kufunga rezista yake, lakini kwa nini? Nunua koili ya omu 3, pointi mpya na kondensa mpya vyote pamoja. Dukani usikubali kuambiwa "zote sawa." Nenda na mita yako na uipime juu ya kaunta. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili. Na usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezima unapochunguza mambo mengine. Ikitokea pointi zimefunga, hata koili sahihi itachemka.

Kijana wa Ilala

Kwa nini asifunge ile ya elektroniki inayoingia ndani ya distribyuta? Pointi ni za kizamani. Na aweke relei (swichi inayovutwa na umeme mdogo) ya koili, swichi ya ufunguo isibebe mzigo.

Fundi Waya (Arusha, Unga Limited)

Elektroniki ni nzuri, nazifunga. Ila anayeifunga ili kukimbia waya mbovu ananirudia wiki ijayo, na safari hii hana hata pointi za kusugua njiani. Nyingi zinakufa ukigeuza chanya na hasi kwa bahati mbaya. Wayaringi ikishatulia afanye atakavyo.

Relei ina mtego wake kwenye gari lenye alteneta na taa ya chaji. Unafunga relei vizuri, gari linawaka vizuri, unazima ufunguo, gari LINAENDELEA kunguruma. Kisa ni kwamba alteneta bado inazunguka, inarudisha umeme kidogo kupitia balbu ya taa ya chaji mpaka kwenye waya mweupe. Umeme huo hautoshi kuendesha koili, lakini kuishikilia relei iliyokwisha kuvuta unatosha kabisa, maana relei inahitaji kidogo sana kubaki imefunga. Watu wamebadilisha swichi mbili tatu kwa jambo hili.

Dawa ni diodi, 1N4007 inatosha, kwenye waya wa kahawia-njano. Ule mstari kwenye diodi uelekee alteneta. Umeme utatoka kwenye balbu kwenda alteneta, kurudi hautaweza. Ila kwa koili ya omu 3 na swichi nzima, relei ya nini?

Kariuki wa Morris (Nakuru)

Wandugu nimefuata huu uzi tangu mwanzo, asanteni. Mimi niko na Morris Minor ya zamani, ilikuwa chanya ndiyo ethi. Fundi aliibadilisha ikawa hasi ndiyo ethi ndio nifunge redio. Inawaka, lakini ikipanda mlima na watu wanne inamisi. Plagi mpya, pointi mpya. Betri haichaji pia. Hizi ni shida mbili ama ni moja?

Bi Spana (Mombasa)

Chanzo ni kimoja. Fundi aligeuza betri, akasahau vilivyoifuata.

Koili kwanza. Cheche huruka kwa urahisi zaidi ikianzia kwenye ncha ya katikati ya plagi, kwa sababu ndiyo yenye joto kali, na hiyo inataka ncha ile iwe hasi. Ukigeuza betri bila kugeuza waya ndogo za koili, cheche inaanzia upande wa pili na inadhoofika. Tambarare hutahisi, mlimani ndipo inaposhindwa. Kwa sasa kwako waya wa swichi unatakiwa uwe kwenye chanya na wa distribyuta kwenye hasi. Koili za zamani sana za Lucas hazina alama hizo, zimeandikwa SW na CB. Kama yako ni ya enzi ya chanya-ethi, waya wa swichi uende CB na wa distribyuta uende SW, kinyume cha maandishi.

Chaji: Morris yako ina dainamo badala ya alteneta, na dainamo hukumbuka upande wake wa chanya na hasi. Chomoa waya zote mbili kwenye dainamo, chukua waya kutoka chanya ya betri, uguse kichwa kidogo kilichoandikwa F mara kadhaa, mguso wa haraka. Utaona cheche ndogo. Rudisha waya, washa injini, uone kama taa ya chaji inazimika. Na kama una geji ya ampea, badilishana waya zake, la sivyo itaonyesha inachaji wakati inatoa.

Mchuma Mkongwe (Morogoro)

Mrejesho. Pointi zilikuwa buluu kama Bi Spana alivyosema, kichuguu na shimo. Nimepata koili inayosoma 3.1 kule Gerezani, Dar, muuzaji alinuna kidogo lakini aliniachia nipime. Pointi na kondensa mpya, pengo 0.38. Pia niligundua waya wa plagi namba 2 na 4 zilikuwa na nyufa, nimebadilisha seti nzima.

Nimeenda Mzumbe na kurudi bila kusimama. Koili ina joto la kawaida, mkono unakaa. Nikizima ufunguo inazima. Relei sijaweka.

Swali la mwisho: sasa nikiwasha indiketa ya kushoto, taa za breki zinapepesa. Waya kule nyuma ni kijani-nyekundu, kijani-zambarau na mweusi.

Babu wa Mpwapwa

Huo mweusi, mjukuu wangu. Fungua taa ya nyuma ya kushoto uone unga mweupe.

Fundi Waya (Arusha, Unga Limited)

Babu kamaliza. Kijani-nyekundu ni indiketa ya kushoto, kijani-zambarau ni breki, na zote mbili zinarudi kwa ule mweusi mmoja. Ethi ikikataa, umeme wa indiketa unapita kwenye balbu ya breki kutafuta njia ya kurudi. Vuta waya mweusi mpya kutoka kwenye taa mpaka kwenye chesisi yenyewe, usiishie kwenye bodi. Za kulia fanya hivyo hivyo ukiwa umeshalala chini ya gari.